Klorini katika Maji ya Bomba: Namna Inavyoua Vijidudu na Sababu ya Kutotudhuru

Katika mikutano ya vijiji, kila ajenda ya maji inapofikiwa, huulizwa swali moja kwa maneno mbalimbali: ikiwa dawa inayotiwa katika tangi ina nguvu ya kuua vijidudu, itashindwaje kumdhuru binadamu anayeyanywa maji hayo? Swali hili si la mzaha, wala halipaswi kujibiwa kwa kumwambia muulizaji kwamba wataalamu wamekwisha kuamua. Wapo wananchi ambao, kwa kuchukizwa na harufu ya dawa au kwa kuhofia madhara yake, huliacha bomba na kurudi mtoni au kwenye kisima kisichofunikwa. Uamuzi huo una gharama, na anayeilipa mara nyingi ni mtoto mdogo ambaye hakuulizwa anataka kunywa maji gani.

Makala haya yanaeleza kwa taratibu klorini ni kitu gani, hufanya nini inapokutana na seli ya kijidudu, kwa nini kiasi kinachotiwa katika maji ya kunywa hakitudhuru, na ni katika hali zipi dawa hiyo hushindwa kazi au hugeuka kuwa hatari.

Ukoo wa halojeni

Klorini ni mmojawapo wa ukoo wa elementi ziitwazo halojeni. Ndugu zake wanaofahamika zaidi ni florini, bromini na iodini. Kinachoziunganisha ni umbo la atomi zake: kila moja ina elektroni 7 katika tabaka la nje, ilhali atomi ya namna hiyo hutulia inapokuwa na elektroni 8. Kwa sababu ya upungufu huo wa elektroni moja, halojeni huwa na njaa isiyokwisha mpaka ipate elektroni kutoka kwa kitu kingine. Kitendo cha kunyang'anya elektroni ndicho wanakemia wanachokiita kuoksidisha. Chuma kinapoota kutu, nacho kimeoksidishwa. Tofauti ni kwamba kutu huchukua siku na miezi, na kazi ya klorini hukamilika katika sekunde na dakika.

Hapa ndipo penye jambo la kwanza la kukumbukwa. Chumvi tunayoitia katika mboga ina klorini nyingi, tena kwa uzito ni zaidi ya nusu ya chumvi yenyewe. Lakini klorini iliyomo katika chumvi imekwisha kupata elektroni yake kutoka kwa sodiamu. Imeshiba, haina haja ya kumnyang'anya mtu. Klorini inayotiwa katika tangi la maji ni ile ambayo bado ina njaa. Elementi ni ileile, ila hali zake ni mbili tofauti kabisa.

Katika miradi mingi ya maji vijijini, klorini hutiwa kwa njia ya unga mweupe wa kalsiamu haipokloraiti. Unga huo unapoyeyuka hutoa asidi ya haipoklorasi, yaani molekuli ndogo yenye atomi moja ya haidrojeni, moja ya oksijeni na moja ya klorini. Oksijeni ina nguvu kubwa zaidi ya kuvuta elektroni kuliko klorini, kwa hiyo ndani ya molekuli hiyo klorini hubaki kama mtu aliyeketi karamuni kando ya mlaji mwenye mikono mirefu. Njaa yake huzidi, na chochote chenye elektroni za kutoa kinachopita karibu hushambuliwa.

Kinachotokea ndani ya seli

Bakteria ni kiumbe cha seli moja tu. Amezungukwa na utando mwembamba, na ndani yake mna maelfu ya protini za aina mbalimbali. Protini ndizo zinazofanya karibu kazi zote za uhai: huvunja chakula, hutengeneza nishati, hupitisha vitu katika utando na hunakili taarifa za urithi. Kila protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliokunjwa kwa umbo maalumu, na kazi yake hutegemea umbo hilo kama ufunguo unavyotegemea meno yake.

Asidi ya haipoklorasi haina chaji ya umeme, kwa hiyo hupenya utando wa bakteria kwa wepesi. Ikishaingia, haishambulii kila kitu kwa kasi moja. Katika asidi amino 20 zinazojenga protini, 2 zina atomi ya salfa, nazo ni sisteini na metionini. Salfa hutoa elektroni kwa urahisi mno, na kwa hiyo asidi amino hizo huoksidishwa kwanza, kwa kasi inayozidi maelfu ya mara ile ya nyingine nyingi. Baada ya hapo hufuata laisini, ambayo hupachikwa klorini na kuwa kloramini, na tirosini, ambayo nayo huweza kubeba atomi ya klorini kama kovu la kudumu.

Madhara ya mabadiliko hayo ni makubwa kuliko udogo wake. Mara nyingi sisteini ndiyo iliyo mahali hasa ambapo kimeng'enya hufanyia kazi. Ikioksidishwa, kimeng'enya hicho husimama. Metionini aghalabu hufichwa katikati ya protini, mahali pasipopenda maji. Ikipachikwa oksijeni huanza kupenda maji, na mkunjo mzima wa protini huanza kulegea. Protini zilizolegea hujifungua, zikagusana na kushikamana, zikawa mabonge yasiyo na kazi. Msomaji amekwisha kuona jambo la namna hii jikoni: ute wa yai hugeuka mweupe na mgumu unapochemshwa, kwa sababu protini zake zimefunguka na kushikamana. Asidi ya haipoklorasi huweza kuleta matokeo yanayofanana na hayo ndani ya bakteria, bila moto wowote.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Ursula Jakob pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, uliongeza jambo la kushangaza. Waligundua kwamba bakteria wa aina ya E. koli ana protini ya ulinzi iitwayo Hsp33 ambayo, inapofunguliwa na asidi hii, haiharibiki bali ndipo inapoamka. Ikiwa imefunguka, huzishika protini nyingine zilizolegea na kuzizuia zisigandamane. Aidha bakteria ana vimeng'enya vya kurudisha metionini iliyooksidishwa katika hali yake ya awali. Maana yake kwa mtumiaji wa maji ni hii: kijidudu si kiumbe kinachokubali kufa bila kujitetea. Akipewa dawa kidogo kuliko inavyotakiwa, au kwa muda mfupi, huweza kujikarabati na kuishi. Ndiyo sababu kipimo na muda ni mambo yasiyo na mjadala katika utiaji wa dawa.

Jambo lililojulikana kabla ya kueleweka

Watu waliitumia klorini kwa faida kabla ya kuelewa inavyofanya kazi. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi wengi walikufa kwa homa ya uzazi katika wodi iliyohudumiwa na madaktari waliotoka kupasua maiti. Aliamuru mikono ioshwe kwa maji ya chokaa yenye klorini, kwa kuwa maji hayo yaliondoa harufu ya maiti. Mwezi Aprili mwaka huo vifo katika wodi hiyo vilikuwa takriban asilimia 18. Kufikia Julai vilikuwa vimeshuka hadi kiasi cha asilimia 1. Nadharia ya vijidudu ilikuwa haijathibitishwa bado.

Mwaka 1905, mji wa Lincoln nchini Uingereza ulianza kutia klorini mfululizo katika maji yake baada ya mlipuko wa homa ya matumbo. Mwaka 1908, maji ya Jersey City nchini Marekani yakaanza kutiwa dawa hiyo chini ya usimamizi wa daktari John Leal, na miji mingine ikafuata. Kwetu, mlipuko wa kipindupindu ulioanza jijini Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara ulikumbusha kwamba vita hivi havijakwisha. Bakteria wa kipindupindu hana gamba la kumkinga. Klorini ya kutosha humuua upesi. Anapostawi katika maji ya kunywa, mara nyingi ni kwa sababu dawa haikuwapo, haikutosha, au ilizuiwa na uchafu kuifikia seli yake.

Kwa nini haitudhuru

Turudi katika swali la mkutanoni. Jibu lake lina sehemu tatu.

Kwanza ni kiasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba, baada ya dawa kukaa majini kwa dakika zisizopungua 30, ibaki klorini huru ya miligramu 0.5 au zaidi katika lita moja, na kwamba mtumiaji afikiwe na maji yenye miligramu zisizopungua 0.2 kwa lita. Kiwango cha juu ambacho mtu anaweza kunywa maishani mwake mwote bila kutarajiwa kudhurika kimewekwa kuwa miligramu 5 kwa lita. Jiki ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 ina takriban miligramu 35,000 kwa lita. Kati ya chupa hiyo na maji ya bomba yenye miligramu 0.5 kuna tofauti ya mara 70,000.

Pili ni mahali dawa inapokwenda. Bakteria aliyemo majini amezamishwa mzima katika dawa, na seli yake moja ndiyo maisha yake yote. Binadamu anapokunywa maji hayo, klorini hukutana kwanza na mate, kisha chakula na ute wa tumbo, vitu ambavyo vimejaa protini na salfa. Njaa yake hushibishwa hapo hapo, kabla haijafika katika seli zinazotuendeshea uhai. Ikishapata elektroni hugeuka kuwa kloraidi, yaani klorini ileile iliyoshiba tunayoila katika chumvi kila siku.

Tatu, mwili wetu wenyewe hutengeneza asidi hiyo. Chembechembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili zinapommeza bakteria, hutoa haidrojeni peroksaidi, na kimeng'enya kiitwacho mayeloperoksidesi huichanganya na kloraidi kutengeneza asidi ya haipoklorasi papo hapo. Kimeng'enya hicho kina rangi ya kijani, na ndicho kinachochangia ukijani wa usaha. Kwa hiyo silaha inayotiwa katika tangi la kijiji ni ileile tuliyozaliwa nayo.

Pamoja na hayo, haki itendeke kwa upande wa pili. Silaha haina macho. Uvimbe unapodumu mwilini, asidi inayotengenezwa na chembechembe hizo huunguza pia protini za mwili wenyewe. Kovu la tirosini lililotajwa hapo juu limekutwa katika kuta za mishipa ya damu iliyougua. Vilevile, tangu mwaka 1974 imejulikana kwamba klorini inapokutana na mabaki ya majani na udongo majini huzaa michanganyiko iitwayo trihalomethani, ambayo haifai kuzidi kiwango. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba michanganyiko hiyo ipunguzwe kwa kusafisha maji kabla ya kutia dawa, wala si kwa kuacha kutia dawa, kwa kuwa hatari ya vijidudu ni kubwa na ya karibu zaidi.

Mambo yanayoishinda dawa

Kwa kuwa klorini haichagui, kila uchafu uliomo majini huila. Maji ya mto yenye tope na majani yaliyooza huimaliza dawa kabla haijamfikia kijidudu. Maji yaliyotibuka yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yatiwe dawa. Kwa sababu hiyohiyo sakafu iliyochafuka husafishwa kwanza kwa sabuni na maji, kisha ndipo hupakwa dawa. Anayemwaga jiki juu ya uchafu huutibu uchafu na kuwaacha vijidudu.

Jambo la pili ni ukali wa maji, yaani pH. Katika pH ya 7.5, nusu ya dawa huwa katika umbo la asidi ya haipoklorasi na nusu katika umbo la haipokloraiti yenye chaji, ambalo hupenya seli kwa shida na nguvu yake ni ndogo sana. pH ikifika 8.5, umbo lenye nguvu hubaki kiasi cha moja ya kumi tu. Ndiyo maana pH ya chini ya 8 hupendekezwa wakati wa kutia dawa.

La tatu ni kukadiria kwa macho. Tangi la lita 10,000 likihitaji miligramu 2 kwa lita, klorini inayotakiwa ni gramu 20. Unga wenye nguvu ya asilimia 70 utapimwa gramu 29 hivi. Hesabu hiyo haifanywi kwa kiganja, na matokeo yake huthibitishwa kwa kipimo cha kidonge kinachogeuza maji kuwa ya rangi ya waridi kwa kadiri ya klorini iliyobaki. Unga na jiki vilivyokaa juani, au katika chombo kisichofungwa vizuri, hupoteza nguvu. Dawa iliyopoa hudanganya kwa harufu yake.

La nne, viko vitu ambavyo klorini haiviwezi. Kimelea aitwaye kriptosporidiamu ana gamba gumu linalomwezesha kuvumilia klorini ya kawaida kwa siku nyingi. Yeye hushindwa kwa kuchemshwa au kuchujwa. Floraidi iliyozidi, inayopatikana katika maji ya baadhi ya maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, haiondolewi kwa klorini wala kwa kuchemsha. Hiyo ni halojeni iliyokwisha kushiba, na madhara yake katika meno na mifupa hutokea kwa njia nyingine. Kiwango kinachopendekezwa ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, na tiba yake ni kubadili chanzo au kuweka mtambo maalumu.

Tahadhari nyumbani

Kinachotulinda kikiwa kidogo hutudhuru kikiwa kingi. Msomaji anayetaka ushahidi atazame maandishi katika chupa ya jiki: huonya kwamba isitumiwe kwa nguo za sufi wala hariri. Pamba hutokana na mmea na huvumilia kwa kiasi fulani, ilhali sufi na hariri ni protini, nazo huliwa. Ngozi, macho na koo letu ni protini pia. Kwa hiyo wananchi wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

Jiki isichanganywe kamwe na dawa za choo zenye asidi, siki au ndimu, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa kama silaha katika vita huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915; ikikutana na unyevu wa mapafu hugeuka kuwa asidi na kuunguza. Isichanganywe pia na vitu vyenye amonia, wala kumwagwa katika choo chenye mkojo mwingi uliotuama bila kwanza kumwaga maji.

Kwa kunawa mikono wakati wa mlipuko, nguvu inayotumika ni asilimia 0.05, kwa sehemu zilizochafuliwa na damu, matapishi au kinyesi, ni asilimia 0.5, ambayo hupatikana kwa kuchanganya kipimo kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 na vipimo 6 vya maji. Maji hayo hayanywewi.

Kwa maji ya kunywa, itumiwe dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa kipimo kilichoandikwa katika chupa au pakiti yake, kisha maji yaachwe yakiwa yamefunikwa kwa dakika 30. Harufu ikikera, maji yaliyokwisha kutimiza muda huo yamiminwe katika chombo safi na kuachwa kwa muda, klorini itapungua. Yakishapungua dawa, hayana tena mlinzi, hivyo yatumiwe mapema na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, pasipo kuzamisha mkono.

Mtoto akinywa jiki, asilazimishwe kutapika, kwa maana kitakachopanda kitaunguza koo mara ya pili. Asukutuliwe mdomo kwa maji na afikishwe mara moja katika kituo cha afya, pamoja na chupa aliyoinywa.

Wananchi wanaotilia shaka maji ya bomba lao wana haki ya kuomba yapimwe mbele yao. Atakayeona maji yenye tope, harufu kali isiyo ya kawaida, au atakayebaini kwamba dawa haitiwi kabisa, atoe taarifa kwa kamati ya maji au ofisi ya mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo. Kipimo cha rangi ya waridi huchukua dakika chache tu, na kila mtu mwenye macho anaweza kukisoma.